Sindano iliyomnyima kondoo pumzi



Ndugu msomaji, katika daftari la matumizi la kamati ya msikiti wetu kuna mstari mmoja ambao kila niufikiapo hunitia haya. Umeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: dawa ya kutuliza wanyama, shilingi 9,000. Pembeni yake ipo saini yangu. Kwa kuwa mwezi wa Dhulhija u karibu, na kamati nyingi zimekwisha kuanza kupokea fedha za udhiya, nimeona ni haki kuueleza mstari huo hapa, kwani sidhani kwamba sisi ndio pekee tuliopata kuuandika.

Waumini kumi na mmoja walitukabidhi fedha zao tuwanunulie kondoo. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mjane wa mtaa wetu, ambaye nitamtaja kwa jina la heshima tu, Bi Mkubwa. Alileta shilingi 180,000 zikiwa zimefungwa katika ncha ya khanga, nyingi zikiwa noti ndogo ndogo za biashara yake ya vitumbua. Akaniambia, "Mwanangu, mimi kondoo mzuri simjui. Ninyi ndio macho yangu." Nilimwandikia stakabadhi, akaikunja mara nne, akaenda zake.

Tarehe 8 Dhulhija tukaenda mnadani. Mwaka uliotangulia kondoo mmoja aliruka kutoka garini njiani akavunjika mguu, nasi tukapata taabu kubwa, maana mnyama mwenye kilema cha wazi hafai kwa udhiya. Vijana wetu walikuwa wamelishika jambo hilo. Basi pale mnadani akatokea mtu mmoja ambaye wote humwita "daktari", mwenye kimkoba cha chupa na mabomba ya sindano, akasema anaweza kuwatuliza wale madume wakorofi kwa shilingi 3,000 kila mmoja. Sikumwuliza chupa ile ina nini. Sikumwuliza kama amesomea. Nilitoa fedha kwa madume watatu, nikaandika daftarini.

Wale watatu walichomwa shingoni, wakapakiwa katika kijigari kile ambacho watu hukiita kirikuu, pamoja na wenzao wawili. Walilala kweli. Vijana wakafurahi kwa kuwa njia nzima hapakuwa na purukushani. Tulipofika uani kwa msikiti na kufungua mlango wa nyuma, mmoja alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, mdomo wazi, ulimi umegeuka rangi ya samawati, na puani mwake mnatoka povu jeupe. Alikuwa yule dume wa Bi Mkubwa.

Kijana mmoja akakimbilia kisu. Nilimwelewa, kwani alitaka kumwahi kabla hajawa kibudu. Akamchinja, damu ikatoka kidogo na kwa unyonge. Sheikh wetu alipofika akauliza mambo mawili tu: mnyama alikuwa katika hali gani kabla ya kisu, na nini kilichomfikisha hapo. Tulipomweleza, akasema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi mnyama aliyefikia kukata roho kwa sababu inayojulikana, mfano wa aliyekula jani lenye sumu, hahesabiwi kuwa na uhai uliotulia, na kuchinjwa kwake dakika hiyo hakumhalalishi. Angekuwa amefikia hapo kwa maradhi ya kawaida, yangekuwa maneno mengine. Huyu sababu yake ilikuwa dhahiri, kwenye shingo yake. Nyama isigawiwe.

Palikuwa na manung'uniko. Kondoo mnono wa kilo karibu 40 kuzikwa shimoni, siku mbili kabla ya Iddi, katika mtaa ambao watu huhesabu nyama kwa mwaka! Mimi pia, nakiri, nafsi ilinivuta. Lakini kabla shimo halijachimbwa alifika daktari wa mifugo wa wilaya, dada mmoja mpole wa maneno machache, ambaye tulikuwa tumempigia simu kwa ajili ya wale wawili waliosalia wakiyumba. Aliomba kumfungua yule mzoga. Mapafu yalikuwa mazito, yamelowa kama sifongo iliyotoka kwenye ndoo, na bomba la hewa limejaa povu lile lile tuliloliona puani. Akasema, "Katibu, kondoo huyu amezama. Ila maji aliyozama yametoka ndani yake mwenyewe."

Yafuatayo ni yale niliyojifunza kwake, na kwa kusoma baadaye. Nimeyapima sana kabla ya kuyaandika, kwa maana wengi wetu tunafuga, na wasiofuga hununua.

Dawa iliyokuwa katika chupa ile ni zailazini. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1962 katika kampuni ya Bayer, na nia ya kwanza ilikuwa kupata dawa ya kushusha shinikizo la damu kwa binadamu. Ikaonekana kwamba inalaza na kuteremsha nguvu kupita kiasi, basi ikaachwa kwa wanyama, na huko imefanya kazi kubwa. Farasi anayefungwa kidonda na ng'ombe anayepasuliwa ubavu atolewe ndama huenda wakatulizwa kwayo, na maumivu pia hupungua. Mimi siilaumu dawa. Ipo katika jamii ya dawa ziitwazo za alfa-2, ambazo hugusa vipokezi maalumu katika ubongo na mishipa ili mwili upunguze mbio zake.

Tatizo ni kwamba Mwenyezi Mungu hakuwaumba wanyama kwa kipimo kimoja. Wanyama wanaocheua huathiriwa na dawa hii kuliko farasi kwa kiasi cha kushangaza: ng'ombe hutosheka na takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Sasa tazama hesabu. Chupa za zailazini huuzwa kwa nguvu mbili, ya asilimia 2 na ya asilimia 10. Mililita moja ya ile ya kwanza ina miligramu 20 za dawa. Mililita moja ya ile ya pili ina miligramu 100. Kondoo wa kilo 40, kwa kipimo cha kawaida cha daktari, huhitaji miligramu chache tu, yaani matone ambayo hayafikii hata nusu ya mililita ya chupa iliyo hafifu. Yule bwana wa mnadani alivuta bomba kwa macho. Hakumpima mnyama uzito, na kama aliisoma karatasi ya chupa mimi sikumwona.

Hata hivyo, kipimo si kisa chote. Katika mapafu ya kondoo, ndani kabisa ya vile vimishipa vyembamba vya damu vinavyozunguka vifuko vya hewa, wamo walinzi. Ni chembe kubwa zilizoshikamana na kuta za vimishipa, kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu vinavyopita katika damu. Binadamu na mbwa kwa kawaida hawana walinzi hao mahali hapo. Dawa za alfa-2 zinapofika katika mapafu ya kondoo, walinzi hawa huamka kana kwamba adui ameingia. Humwaga kemikali zao. Kuta za vimishipa hudhurika na kuanza kuvuja. Maji ya damu huingia katika vifuko ambavyo vinapaswa kuwa na hewa tu. Wakati huo huo misuli midogo inayozunguka njia za hewa hujikaza, mirija ikawa myembamba. Mnyama huvuta, hewa haipiti sawasawa. Na ile inayopita inakuta vifuko vimejaa maji.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1986 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba dawa hizi hupandisha shinikizo katika njia za hewa za kondoo aliyelazwa usingizi. Mwaka 1997 Celly na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walilinganisha dawa nne za jamii hii, yaani zailazini, romifidini, detomidini na medetomidini, kwa vipimo vyenye nguvu sawa ya kutuliza. Zote nne ziliteremsha oksijeni katika damu ya kondoo. Miaka miwili baadaye wakayachunguza mapafu yenyewe kwa hadubini, wakaona uvujaji na kudhurika kwa kuta. Kwa kondoo mwenye afya, shinikizo la oksijeni katika damu itokayo moyoni huwa karibu milimita 90 hadi 100 za zebaki. Baada ya sindano ya mshipani laweza kushuka hata chini ya 50 ndani ya dakika chache.

Lililonishtua zaidi ni hili: oksijeni yaweza kushuka kwa kipimo kidogo ambacho hata hakijamlaza mnyama. Maana yake ni kwamba usingizi na kukosa pumzi si kitu kimoja, wala hicho cha kwanza si kipimo cha hicho cha pili. Vijana wetu walikuwa wakimtazama kondoo aliyelala, wakasema ametulia. Na wapo waliosema, baada ya mkasa, kwamba kumtuliza mnyama ni katika ihsani tuliyoamrishwa wakati wa kuchinja. Ihsani tumeamrishwa kweli, na mafunzo ya Mtume (s.a.w.) ya kunoa kisu na kumpumzisha mnyama yanajulikana na kila aliyekaa darasani. Ila yule dume alikuwa kimya kwa sababu hakuwa na hewa ya kulilia.

Pia kondoo hawafanani wao kwa wao. Watatu walichomwa kwa mkono mmoja kutoka chupa moja; wawili waliyumba, wakatokwa na udenda, wakalala kwa saa kadhaa kisha wakainuka; wa tatu akafa. Daktari alisema hilo ndilo linalowasumbua hata wenye elimu, kwamba huwezi kumtazama kondoo ukajua ni yupi mapafu yake yatakasirika. Ipo dawa ya kuivunja nguvu zailazini, iitwayo atipamezoli, nayo humwamsha mnyama upesi. Lakini maji yaliyokwisha kuingia mapafuni hayaondoki kwa sababu tu mnyama ameamka. Na bwana yule wa mnadani hakuwa nayo.

Juu ya hayo tukaongeza kosa letu wenyewe la kumlaza ubavu garini, amebanwa na wenzake. Kondoo ana tumbo kubwa la kwanza ambamo majani huchacha na gesi hutoka mfululizo. Akiwa macho huitoa kwa kucheua na kubeua. Dawa ya kutuliza hulipooza tumbo hilo. Gesi hubaki, tumbo hufura na kukisukuma kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Tena kondoo hutoa mate mengi mno, lita kadhaa kwa siku. Akilazwa kichwa kikiwa juu na zoloto limelegea, mate na maji ya tumbo hurudi nyuma na kuingia katika bomba la hewa. Ndiyo maana madaktari humweka kondoo aliyetulizwa kifudifudi, kifua chini, au wakilazimika kumlaza ubavu, huinua shingo kidogo kwa mto na kuuelekeza mdomo chini ili mate yamwagike nje. Ndiyo maana pia humnyima chakula kwa saa kumi na mbili au zaidi kabla ya upasuaji. Wa kwetu alikuwa ametoka kushindiliwa majani na muuzaji ili aonekane mnene.

Msomaji mfugaji huenda akauliza: je, kondoo asitulizwe kabisa? La, sikusema hivyo. Yapo mapasuko, yapo mazazi yaliyokwama, zipo ngiri. Katika hali hizo daktari ana dawa nyingine za kuchagua, kama diazepamu, ambayo haiwaamshi wale walinzi wa mapafuni. Akiona hapana budi kutumia jamii ya alfa-2, hutumia kiasi kidogo mno, huwa na oksijeni karibu, na kwa upasuaji mrefu hupitisha mpira katika bomba la hewa ili njia ibaki wazi. Hayo ni kazi ya mtu aliyesomea, na haiwezekani kufanywa nyuma ya kirikuu.

Kuhusu nyama, nisipite haraka, kwa kuwa hili linagusa kila meza. Wale kondoo wawili walioamka walikuwa wazima machoni siku ya pili, wanakula majani. Wenyewe walitaka wachinjwe siku ya Iddi kama ilivyopangwa. Daktari alikataa. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipoichunguza zailazini mwaka 1996, haikuiwekea kiwango cha salama cha kuliwa, kwa sababu kitu kimojawapo kinachobaki dawa inapovunjika kilionekana kuweza kudhuru chembe za urithi na kuleta saratani kwa panya. Marekani haijaiidhinisha kwa wanyama wanaofugwa kuliwa. Popote daktari anapoitumia kwa mnyama wa nyama, ziko siku za kungoja kabla ya kuchinja, na Iddi haingoji. Mtu anayemchinja leo kondoo aliyechomwa jana anagawa na dawa pamoja na nyama, na nyama ya udhiya huanza kwa mafakiri, wagonjwa na watoto.

Jambo dogo la nyumbani, kwa akina mama na akina baba wenye maduka ya pembejeo. Chupa hizi zisikae rafu moja na dawa za minyoo, wala sindano zake zisitupwe uani. Dawa hii kwa binadamu hupunguza mapigo ya moyo na kushusha shinikizo la damu, na kule Marekani imeleta balaa kiasi kwamba mwaka 2023 serikali ilitangaza mchanganyiko wake na fentanili kuwa tishio jipya. Kijana wetu mmoja aliiokota chupa ile mnadani akaitia mfukoni kwa kuwa ilikuwa na tone limebaki. Nilimnyang'anya.

Basi tukabaki na deni la kondoo watatu. Sheikh alisema sisi ni mawakili wa watu, na wakili haulizwi kwa mali iliyoharibika pasipo uzembe wake, ila hapa uzembe ulikuwapo, na umeandikwa daftarini. Wapo waliopendekeza fidia itoke katika mfuko wa msikiti. Nilipinga, na namshukuru mwenyekiti aliyeniunga mkono kabla sauti hazijapanda. Mfuko ule ni wa mapaa na maji ya udhu; haukumwita mtu wa sindano. Tulichanga wenyewe wajumbe saba, na kwa kuwa saini ilikuwa yangu, sehemu yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine. Wale kondoo wawili wakabaki katika ua wa mjumbe mmoja mpaka daktari aliporuhusu, kisha wakauzwa, na fedha zao zikapunguza machungu.

Kwenda kumwambia Bi Mkubwa nilitumwa mimi, wala sikuomba kusindikizwa. Nilimkuta akikoroga unga wa vitumbua. Nilimweleza yote, hata habari ya kutouliza chupa ina nini. Alinyamaza kwa muda, akaniuliza kama yule kondoo aliteseka sana. Nikamwambia kweli, kwamba nadhani ndiyo. Akasema, "Basi huyo mwingine mtakayemleta, msimfunge wala msimchome. Mleteni anatembea."

Tarehe 12 asubuhi, siku ya pili ya tashriki, tulirudi mnadani na daktari wa mifugo pamoja nasi. Alitufundisha mambo ambayo babu zetu wafugaji walikuwa wakiyajua bila shule: kondoo akitengwa peke yake huchanganyikiwa, basi wapakieni pamoja na wanaojuana, msiwavute masikio wala manyoya, safirisheni alfajiri kabla ya jua, gari liwe na majani makavu chini ili wasiteleze, na kizuizi cha mbao kirefu kuliko wanavyoweza kuruka. Mkorofi anaweza kukalishwa kitako, mgongo wake ukiegemea miguu ya mshikaji, naye hulegea mwenyewe kwa muda wa kutosha kukagua kwato na meno. Kizuizi cha mbao kilitugharimu shilingi 15,000, na tunacho mpaka leo.

Kondoo wa Bi Mkubwa alishushwa barabara kuu, akatembezwa na wajukuu zake wawili mpaka uani kwa msikiti. Alichinjwa baada ya adhuhuri siku hiyo hiyo, mbali na macho ya wenzake. Bi Mkubwa alikuwapo, amesimama kando kidogo, stakabadhi yangu ya kwanza ikiwa bado mkononi mwake. Aliniomba niandike nyingine.